Mkanda wa taimingi: Ubadilishe nyumbani kabla haujakatikia porini

Na Mwandishi Wetu

KWA mkulima wa Rulenge au Murusagamba wilayani Ngara, na kwa mfanyabiashara mdogo wa Nyakahura au Lusahunga wilayani Biharamulo, gari si kitu cha fahari. Ni jembe la pili. Ndilo linalobeba ndizi na maharage kwenda gulioni, kahawa kwenda chamani, mbolea kurudi shambani na mgonjwa kwenda hospitali usiku.

Hata hivyo, wapo wenye magari wengi wanaojua bei ya tairi na ya lita moja ya dizeli, lakini hawajui lini mkanda wa taimingi wa gari lao ulibadilishwa. Mkanda huo, ambao mafundi huuita taimingi belti, umejificha nyuma ya kava la plastiki mbele ya injini. Hauonekani, haupigi kelele, na mara nyingi haumpi dereva dalili yoyote kabla ya kukatika.

Ukikatika, gari huzimika hapo hapo. Kwa injini nyingi, hasa za dizeli, kinachoharibika si mkanda peke yake bali injini nzima. Makala haya yanaeleza mkanda huo unafanya kazi gani, magari gani ya maeneo yetu yanautumia, na jinsi mwenye gari anavyoweza kuubadilisha nyumbani kwake, yeye mwenyewe au akiwa na fundi, bila kuharibu injini.

Kazi ya mkanda

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na juu yake kuna valvu zinazofungua na kufunga ili kuingiza hewa na kutoa moshi. Pistoni huzungusha krenkishafti iliyo chini. Valvu hufunguliwa na kamshafti, ambayo katika injini nyingi hukaa juu. Kamshafti hutakiwa kuzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili, bila kuchelewa wala kuwahi hata kidogo.

Kinachofunganisha vyuma hivyo viwili ni mkanda wenye meno. Umetengenezwa kwa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi za kioo. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye mkanda wa aina hii, Glas 1004, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watengenezaji wengine walifuata kwa sababu mkanda ni mwepesi, hauhitaji oili na hauna kelele kama mnyororo.

Ubaya wake ni kwamba mpira huzeeka. Joto huukausha, oili huulainisha na kuula, vumbi husaga meno yake. Siku unapokatika gari likiwa kwenye mwendo, kamshafti husimama lakini pistoni huendelea kupanda. Katika injini za dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno, hivyo pistoni hugonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Hapo ni kushusha silinda hedi, kununua valvu, na wakati mwingine pistoni na kamshafti pia.

Gari lako lina mkanda au mnyororo?

Hili ndilo swali la kwanza, kwani si kila gari lina mkanda wa taimingi. Usitazame jina la gari peke yake. Tazama namba ya injini, ambayo huandikwa kwenye kibati kilicho chini ya boneti na kwenye kadi ya gari.

Toyota Hiace na Hilux za zamani za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L zina mkanda. Kadhalika Hiace na Hilux za miaka ya karibuni zenye injini ya 2KD, na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ. Kwa upande wa petroli, Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A, pamoja na Noah na RAV4 za zamani zenye injini ya 3S, nazo zina mkanda.

Kwa upande mwingine, Probox na IST zenye injini za 1NZ na 2NZ hutumia mnyororo. Noah za kizazi kilichofuata zenye injini ya 1AZ nazo ni mnyororo. Mnyororo haubadilishwi kwa ratiba kama mkanda, ila unahitaji oili safi kwa wakati. Canter zenye injini ya 4D33 hutumia gia za chuma, na Caravan za zamani zenye injini ya TD27 vivyo hivyo.

Kuna tofauti nyingine ya kuijua. Injini za petroli za 5A na 3S kwa kawaida hazipindi valvu mkanda ukikatika. Gari linazimika tu, unavutwa, unafunga mkanda mpya na safari inaendelea. Kwa dizeli usitegemee huruma hiyo. Mwenye Hiace ya 3L au 5L ndiye anayepaswa kuwa macho kuliko wote.

Kwa nini Ngara na Biharamulo

Barabara kuu inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga na Nyakahura hadi Benaco, na kisha Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, ni njia ya malori na ya abiria mchana na usiku. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kizinduliwe Aprili 2016, biashara ya mpakani imekuwa tegemeo kwa watu wengi. Njia nyingine huelekea Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Gari la abiria katika njia hizi hukusanya kilometa nyingi kwa muda mfupi, kwa kupanda na kushuka vilima huku likiwa limejaa.

Ukiacha lami na kuingia njia za vijijini, kiangazi ni vumbi jekundu na masika ni tope. Kava la mkanda likiwa limepasuka, au fundi aliyetangulia akiwa ameliacha bila boliti zake zote, vumbi hilo huingia moja kwa moja kwenye meno ya mkanda.

Kisha kuna suala la mahali gari linapoharibikia. Wakazi wa wilaya hizi wanakumbuka miaka ya 1990 na 2000 ambapo mabasi yalisindikizwa na polisi kupita kwenye mapori kwa sababu ya majambazi. Hali imebadilika, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya mapori hayo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lakini pori ni pori. Kuharibikiwa humo jioni ukiwa na abiria kumi na mzigo wa ndizi zilizoiva ni hasara ambayo hakuna risiti inayoweza kuionyesha.

Spea nazo ziko mbali. Mikanda ya injini za kawaida hupatikana kwenye maduka ya miji midogo, lakini isiyo ya kawaida huagizwa Kahama au Mwanza. Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko upande wa Mwanza, lakini bado unalipia nauli ya mzigo na siku za kusubiri. Anayeagiza mkanda akiwa na nafasi hulipia mkanda tu. Anayeagiza gari likiwa limelala barabarani hulipia mkanda, kuvutwa na siku zote ambazo gari halikufanya kazi.

Hesabu ya mwenye gari

Kwa injini nyingi za Toyota zilizotajwa hapa, kipimo kinachofahamika ni kubadilisha mkanda kila kilometa 100,000. Watengenezaji wengi huweka pia kikomo cha miaka, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa gari la mizigo linaloshinda kwenye vumbi na milima, ni busara kutofikisha kikomo hicho.

Tuchukue mfano. Hiace inayokwenda kilometa 150 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hutembea kilometa 3,750 kila mwezi. Kwa mwendo huo itafikisha 100,000 kabla ya miaka miwili na miezi mitatu kwisha. Hilux ya mkulima inayokwenda kilometa 800 kwa mwezi itachukua zaidi ya miaka 10, na kwa hiyo mkanda wake utachoka kwa umri kabla ya kilometa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkanda, tenshena, sili na ufundi vinagharimu Sh270,000. Mwenye Hiace hiyo akiweka akiba Sh10,000 kila mwezi, baada ya miezi 27 ana fedha yote mkononi. Bei halisi uliza dukani na kwa fundi wako, kisha ugawanye kwa namna hiyo hiyo. Uliza pia bei ya kutengeneza silinda hedi iliyopinda valvu, ongeza mapato ya wiki mbili ambazo gari halitafanya kazi, halafu linganisha. Hapo utaona kuwa kubadilisha mkanda mapema ni matumizi ya kawaida ya biashara, kama dizeli na ushuru.

Soma historia ya gari la mtumba

Magari mengi tunayoyanunua yametumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, hivyo usizifanye ushahidi pekee.

Fungua boneti utazame kwenye kava la mkanda na maeneo ya jirani. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika karatasi ndogo yenye tarehe na kilometa za siku mkanda ulipobadilishwa. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu moja au mbili, huenda ni kalenda ya Kijapani. Kwa kipindi cha Heisei ongeza 1988. Mwaka wa 15 ni 2003. Kwa kipindi cha Reiwa, kilichoanza mwaka 2019, ongeza 2018.

Usipokuta karatasi wala kumbukumbu yoyote, chukulia kuwa mkanda ni wa zamani na uubadilishe. Kadhalika, gari za dizeli za Toyota zenye taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwasha taa hiyo kilometa zilizopangwa zikitimia. Isipuuzwe, na wala balbu yake isitolewe.

Maandalizi nyumbani

Si lazima uwe na gereji. Unahitaji mahali pagumu na tambarare, kivuli, na siku nzima yenye mwanga. Usianze saa kumi jioni, na usifanye uani penye mchanga unaopeperuka.

Andaa seti ya spana na soketi, baa ndefu, kivutio cha puli, rangi nyeupe kidogo ya kuwekea alama, vitambaa safi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Hii ya mwisho unaweza kuiazima. Nunua mkanda pamoja na tenshena yake, na sili za oili za krenki na kamshafti. Katika injini ya 3S pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu huu, hivyo ibadilishe kwa pamoja. Katika 3L na 5L pampu ya maji huzungushwa na feni belti, lakini ikague maadamu umefika hapo.

Kuhusu ununuzi, jihadhari na bidhaa bandia. Nenda dukani na namba ya injini, na ukiweza na mkanda wa mfano. Hesabu meno, yakizidi au kupungua hata moja, huo si wako. Kataa mkanda uliokunjwa kwa nguvu, uliofungwa kwa mpira kama fungu la mchicha, au uliokaa juani. Dai risiti ya EFD na utunze boksi, kwani bila hivyo huna pa kuanzia ukitaka kurudisha.

Hatua za kazi

Utaratibu ufuatao ni wa jumla, ukilenga zaidi injini za dizeli za 3L na 5L. Alama za kila injini hutofautiana, hivyo kitabu cha injini yako kiwe karibu.

Kwanza, acha injini ipoe kabisa. Weka mawe kwenye magurudumu na ung'oe waya hasi wa betri. Ondoa feni na mikanda ya nje, halafu fungua kava la juu. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kufungua kitu.

Pili, tafuta alama. Zungusha krenki kwa mkono ukitumia spana kwenye boliti ya puli ya chini, kwa upande ule ule injini inaozungukia. Simamisha mfuo wa puli ya chini kwenye alama yake. Sasa tazama puli ya kamshafti. Kama alama yake iko upande wa pili, usishangae: zungusha krenki mara moja zaidi nayo itafika mahali pake. Kwa dizeli hakikisha alama ya puli ya pampu ya dizeli nayo imekaa sawa. Tia nukta ya rangi nyeupe kwenye kila alama.

Tatu, legeza boliti kubwa ya puli ya krenki mkanda ukiwa bado umefungwa. Kwa gari la gia za mkono, msaidizi aweke gia ya juu na kukanyaga breki. Usitumie starta kuilegeza, kwani baa inaweza kukuvunja mkono. Boliti ikilegea, rudisha gia kwenye frii, sawazisha alama tena, ndipo uvute puli na kutoa kava la chini.

Nne, legeza tenshena na uvue mkanda. Kuanzia hapa usizungushe kamshafti wala krenki. Puli za juu zinaweza kuruka ghafla zenyewe kwa nguvu ya springi, kwa hiyo weka vidole mbali.

Tano, kagua. Zungusha tenshena kwa mkono. Ikikwaruza au kucheza, haifai. Tazama kama oili inavuja kwenye sili. Kufunga mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni kupoteza fedha, kwa kuwa oili itaula kabla ya wakati.

Sita, vaa mkanda mpya mikono ikiwa safi. Kama una mishale, ielekee upande wa mzunguko. Usiukunje, usiupindue ndani nje, na usiulazimishe kwa bisibisi. Upande usio na tenshena uwe umenyooka bila kulegea, alama zote zikiwa mahali pake. Kisha achia tenshena ivute.

Saba, na hii ndiyo hatua inayookoa injini: zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Miwili, kwa sababu ndiyo inayoirudisha kamshafti mahali ilipoanzia. Ukihisi kitu kigumu kimezuia, simama hapo hapo. Huenda pistoni imegusa valvu. Usilazimishe. Alama zikirudi zote sawa, kaza tenshena. Zikipishana hata jino moja, vua uanze upya.

Mwisho, rudisha kava zote na boliti zake zote, kaza boliti ya puli kwa kipimo cha kitabu, rudisha feni, maji na betri, halafu washa. Injini ikiwa ngumu kuwaka, ikitoa moshi mwingi au ikikosa nguvu, zima na ukague alama. Usikubali kuambiwa kuwa itazoea yenyewe ikitembea.

Mambo ya kutofanya

Mkanda ukikatika gari likiwa na injini ya dizeli, usijaribu kuwasha tena na usisukume gari ili liwake. Kila jaribio huongeza uharibifu. Livute hadi mahali salama. Kufunga mkanda mpya bila kupima mgandamizo wa silinda na kukagua valvu ni kujidanganya.

Kama hujawahi kufungua injini, usianze peke yako na Hiace ambayo familia nzima inaitegemea. Muite fundi nyumbani, lakini kaa naye. Muulize alama ziko wapi kabla hajavua mkanda, na uone mizunguko miwili ikifanyika kwa macho yako. Fundi anayejua kazi hataudhika kwa maswali hayo. Anayesema alama hazina maana, mlipe nauli yake arudi alikotoka.

Kazi ikiisha, andika tarehe na kilometa kwenye karatasi ngumu, uibandike chini ya boneti, na uandike pia kwenye daftari la mapato na matumizi. Kama gari lina taa ya T-BELT, irudishwe kwenye sifuri kama kitabu kinavyoelekeza. Siku ukiliuza gari, daftari hilo litakuongezea bei kuliko kulipiga rangi.

Msimu wa mavuno ndio msimu ambao kila gari linahitajika, na ndio ambao gari likiharibika hupati la kukodi kwa bei nafuu. Kwa hiyo kazi hii ifanywe kabla ya mavuno, wakati gari lina siku ya kupumzika. Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, soma kilometa zako uziandike, kisha jiulize mkanda ulio ndani una umri gani. Kama hakuna anayejua jibu, anza kuutafuta mwingine.